Chokaa Iliyobaki Mbweni

Kosa langu kubwa la kwanza nalitaja mapema, nisije nikazunguka mpaka nikalikimbia: niliziba matundu thelathini na mawili ya ukuta kwa sababu chokaa niliyoikadiria ilibaki, nami niliona haya kuionyesha.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya makadirio mtasema kuziba matundu si kazi ya mkadiriaji, ni ya fundi. Aa. Fundi alikuwa keshaondoka. Mkono ulioshika mwiko ulikuwa wangu. Mpaka leo mvua ya masika ikianza kupiga bati, hujikuta nimesimama mlangoni natazama kuta za jirani, na mke wangu huniambia, "Kaa, mume wangu, kuta za watu hazikuhusu." Nakaa. Baada ya kidogo nasimama tena.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami sijatimiza ishirini. Kwetu Jang'ombe. Skuli niliiacha mapema, na hesabu za ujenzi nilijifunza mwenyewe kwenye kitabu kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza karanga. Maswali yote yalikuwemo: ujazo wa pipa, wa kisima, wa ukuta ulionyooka na wa ukuta uliopinda. Majibu yalikuwa kurasa za mwisho, na kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha chanwa zikafungiwa karanga. Kwa hiyo niliyafanya maswali yote na sikuwahi kujua nimepata au nimekosa. Nadhani wasiwasi wangu ulianzia hapo. Kila hesabu niliirudia mara tatu, na majibu matatu yakikubaliana niliogopa kwamba nimekosea mara tatu.

Aliyeniajiri alikuwa Mzee Saleh, kontrakta mdogo mwenye magari mawili ya ng'ombe na mafundi wachache. Kazi yangu ilikuwa kufika mahali kabla ya mafundi, nipime, kisha nimwambie: mawe gari kadhaa, chokaa makapu kadhaa, udongo mwekundu na mchanga kiasi kadhaa. Mchanga wa shamba, si wa pwani, kwa sababu wa pwani una chumvi na chumvi huitafuna chokaa. Kazi ikimalizika Mzee Saleh alikuwa na desturi ya kuja kutembea pale kwa bakora yake. Ukuta hakuutazama sana, maana yeye alikuwa mfanyabiashara, si mwashi. Alitazama chini. Akikuta lundo la mawe yaliyobaki hulipiga kwa bakora, mara moja, akakugeukia wewe bila kusema neno. Heri angetukana.

Fundi wake mkuu alikuwa Haji, mtu wa Makunduchi, mfupi, mikono imeliwa na chokaa mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa anautembea mstari wa ukuta mara moja, anatema mate, anataja idadi ya magari, na idadi yake ilikuwa sawa. Mimi nilikuwa najaza karatasi nne. Akaniita Bwana Penseli, na jina likanikaa.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa ukuta mdogo wa kuzuia udongo huko Chukwani. Nilipima urefu, kimo na unene, nikapata ujazo, nikaenda kwa wauza mawe na futi yangu nikapima lundo mpaka likalingana na hesabu. Sikujua kwamba wauza mawe nao wana ufundi wao. Jiwe letu la Unguja lina pembe na mashimo. Ukilisimamisha badala ya kulilaza, lundo huonekana kubwa na katikati ni uwazi mtupu. Ukuta haukufika hata mabegani, mawe yakamalizika. Mafundi walikaa kivulini nusu siku wakitafuna tambuu, wakinitungia majina.

"Bwana Penseli," Fundi Haji akaniambia, "umenunua mawe, au umenunua upepo uliokaa baina ya mawe?"

"Nilipima, Fundi."

"Najua ulipima. Umeupima upepo vizuri mno."

Walicheka mpaka mmoja akameza tambuu. Lakini baadaye, wenzake walipokwenda kunawa, alinivuta pembeni akanifundisha jambo ambalo kitabu changu hakikuwa nalo. Chukua gari moja la mawe, alisema, lijenge kweli, kisha pima ulichokijenga. Hiyo ndiyo hesabu yako kwa jiwe hilo, kwa muuzaji huyo, kwa pahala hapo. Kesho pahala pengine, anza upya. Na msingi usiuandike kabla hujapiga mtaimbo, kwa sababu jabali la kisiwa hiki halina adabu: hapa utalikuta shubiri moja chini, hatua tano mbele ukazama mpaka kiunoni. Piga kila hatua mbili, usikilize. Udongo humeza sauti, jabali hulia. Haya bado ni kweli, yashikeni.

Mbweni ndipo ilipokuja kazi kubwa. Mstaafu mmoja wa forodha alikuwa na nyumba juu ya mteremko, akataka bustani iliyo sawa, apande asumini na miwaridi. Ilibidi ujengwe ukuta mrefu wa kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, nyuma yake ujazwe udongo. Chini ya mteremko, hatua chache tu kutoka penye msingi, alikaa Bi Mize, mjane aliyekuwa akioka mikate ya mofa. Jiko lake la makuti lilikuwa limeupa mgongo ukuta wetu. Kila asubuhi tulijenga tukinusa mtama unaoungua, na kila asubuhi alitutumia mikate bila kuombwa.

Baada ya aibu ya Chukwani nilikadiria kwa hofu. Nilipata idadi, nikaongeza kidogo, kisha nikaogopa kwamba nyongeza haitoshi, nikaiongezea nyongeza. Na chokaa niliikadiria vibaya zaidi: nilihesabu makapu ya chokaa mbichi kama kwamba ndiyo itakayoingia ukutani, nikasahau kuwa ikitiwa maji huchemka na kuvimba, na kapu moja hukupa karibu mawili. Hata mtoto wa mchoma chokaa anajua hilo.

Fundi Haji alijenga ukuta ule vizuri sana. Chini mpana, juu mwembamba, umeegemea kidogo upande wa udongo, na nyuma yake akajaza mawe madogo makavu, hata ya ziada yakaishia humo. Katika safu mbili, kila hatua na nusu, alilaza vipande vya shina la mgomba kutoka mbele mpaka nyuma. Mgomba ulipokauka akavivuta, yakabaki matundu ya kuingia ngumi.

Sitajificha nyuma ya ujinga. Nilimwuliza matundu ya nini, naye akaniambia.

"Ukuta nao unakojoa, Bwana Penseli. Udongo ukinywa mvua ya masika unakuwa mzito, unasukuma. Mwachie pa kukojolea. Wewe mtu akikuzuia siku tatu utakuwaje?"

Mafundi wakacheka, nami nikacheka. Nilisikia, nikaelewa, nikacheka.

Siku ya mwisho Fundi Haji na wenzake walihamishiwa kazi nyingine mjini, mtaa wa Malindi. Nilibaki peke yangu kusafisha, na kesho yake Mzee Saleh alikuwa anakuja na bakora yake. Katika shimo la kuzimia chokaa kwa maji ilibaki iliyokwisha zimwa, makapu tisa. Niliyahesabu mara tatu. Nilifikiria kuyafukia, lakini ardhi iliyochimbuliwa inaonekana. Nilifikiria kuyatupa baharini, lakini Bi Mize alikuwa amekaa mlangoni pake na angeniona napita.

Kisha nikaitazama safu ya juu ya matundu. Haikuwa sawa. Tundu la saba lilikuwa chini ya mengine kwa vidole viwili. Nilikuwa nimeliona tangu zamani na lilikuwa likinikera kila siku. Nikaliziba hilo moja. Sasa palikuwa na pengo kwenye safu, likanikera zaidi, nikaziba lililo karibu nalo. Naapa hivyo ndivyo lilivyokwenda, tundu moja likivuta jingine. Nilijiambia mvua za mwaka uliopita zilikuwa haba. Nilijiambia safu ya chini peke yake inatosha. Safu ya juu ilipokwisha, ya chini ikaonekana kama meno ya kizee, na chokaa bado ipo. Niliisindika ndani kwa mti mpaka mti ukagoma. Iliyobaki nikaipaka usoni mwa ukuta mzima, nikaisawazisha kwa ubao. Alasiri ilipoadhiniwa, shimo lilikuwa tupu na ukuta ulikuwa mweupe, laini, kama sahani.

Mzee Saleh alikuja asubuhi. Alitembea kutoka mwanzo mpaka mwisho akitazama chini. Hapakuwa na kitu cha kupiga kwa bakora.

"Hata kapu moja halikubaki?"

"Hata moja, Mzee."

"Mashaallah," akasema. "Sasa umekuwa."

Nilirudi Jang'ombe kwa baiskeli nikiimba. Haya pia yaandikeni.

Masika yalipoanza niliamka na wasiwasi, nikaenda Mbweni kutazama tu. Ilikuwa Jumatano. Kwa mbali ukuta ulikuwa mzuri. Kwa karibu, katikati yake, ulikuwa umefanya tumbo. Nilifunga uzi kutoka ncha moja mpaka nyingine nikapima: vidole viwili. Nikapima tena: viwili.

Bi Mize alitoka jikoni na mkate wa moto mkononi. "Mwanangu, mbona unaupima ukuta kama unayemshonea suti?"

"Natazama tu, Bi Mize. Shikamoo."

"Marahaba. Chukua ule." Akasimama kando yangu akiutazama. "Lakini ukuta wako una ajabu. Ule wa jirani tangu jana unalia, maji yanamtoka kila pahala. Huu wako haulii hata tone."

Nimejibu maswali mengi maishani, mengine mahakamani kama shahidi wa kesi za ujenzi. Hakuna jibu ninalolisikia masikioni kama nililompa Bi Mize siku ile.

"Huu umejengwa vizuri," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi jikoni kwake, chini ya ukuta.

Alhamisi nilikwenda tena. Vidole vinne. Ningeweza kumwambia Bi Mize ahame siku mbili. Ningeweza kuchukua mti na nyundo nikazibua hata matundu matano. Kuzibua kulikuwa kukiri, na mimi nilikuwa na "sasa umekuwa" yangu, sikutaka kuirudisha. Nikaenda nyumbani nikapiga hesabu za uzito wa udongo uliolowa, karatasi sita, na mwisho wa karatasi ya sita ukuta ulikuwa unasimama. Nilizirudia. Ulisimama mara tatu.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa haionyeshi mbele. Nilishindwa kuvumilia. Nilipanda baiskeli mpaka Malindi, nikamkuta Fundi Haji chini ya dari anakoroga chokaa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeloa kama panya wa bandarini, una nini?"

"Ukuta wa Mbweni umefanya tumbo."

Akaacha kukoroga. "Kiasi gani?"

"Vidole vinne jana."

"Jana? Kwani umeanza lini?"

"Niliuona juzi."

Alichukua mtaimbo, akakaa nyuma ya baiskeli yangu, akaupakata magotini, nami nikakanyaga mpaka Mbweni nikimsikia anapumua mgongoni mwangu. Safari nzima nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Sikumwambia.

Tulipofika alishuka, akausogelea ukuta, akapitisha kiganja chake juu ya ule weupe. Mvua ilikuwa inamwagika kichwani mwake na yeye anapapasa, anatafuta, kama kipofu anayetafuta mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Maji yangu yako wapi?" akauliza.

Nikaiegemeza baiskeli kwenye mnazi.

"Bwana Penseli. Maji yangu yako wapi?"

"Nimeziba, Fundi."

"Umeziba nini?"

"Matundu. Yote."

Nilingoja kofi. Nililitaka. Alinitazama tu mdomo wazi, mvua ikimwingia, kisha akageuka akaanza kupiga kelele.

"Bi Mize! Bi Mize, toka humo!"

"Nnatoa mikate!"

"Wacha mikate!"

"Ya khitma ya watu, Fundi! Imebaki mitatu!"

"Toka, mama, ukuta unakuja!"

Akatoka, kapu la mikate kichwani, kanga imefunikwa juu yake. Fundi Haji alikuwa ameshaufikia ukuta kwa upande, akaupiga mtaimbo safu ya chini, penye mwisho. Pigo la tatu maji yakaruka mekundu, yakampiga kifuani. Akazibua tundu la pili. Nikadhani tumeokoka. Wallahi nilianza kutabasamu.

Bi Mize aliweka kapu chini ya mnazi karibu yangu. "Kuku wangu," akasema. "Anaatamia," akarudi jikoni.

Alipita mbele yangu, karibu kiasi kwamba kanga yake ilinigusa mkono. Ningemshika. Kila kitu kingine katika habari hii naweza kukieleza: hofu, haya, chokaa. Hili siwezi. Sikumshika kwa sababu nilikuwa natazama uzi wangu. Ulikuwa bado umefungwa pale tangu Jumatano, na tumbo la ukuta lilikuwa linausukuma, nami nilikuwa nahesabu vidole. Saba. Uzi ukakatika.

Watu hudhani ukuta huanguka kwa kishindo. Ule ulianguka kama gunia la mchele linalomwagwa, shaaa, mrefu, kisha pakawa kimya. Jiko halikuwepo. Palikuwa na matope mekundu na mawe meupe upande mmoja, yale niliyoyapaka. Kuku akatoka kando ya mawe, mzima, akikimbia huku analalamika.

Tulichimba kwa mikono, mimi na Fundi Haji. Tuliuona upindo wa kanga kwanza. Wanaume walikuwa msikitini kwa sala ya Ijumaa. Waliporudi walitukuta tumeshafika usoni kwake, anapumua, na mguu wa kushoto uko chini ya jiwe ambalo wawili hatukuweza kulinyanyua. Wakaja wanane. Walimchukua juu ya kitanda cha kamba. Hakulia njia nzima. Mimi ndiye niliyelia, mpaka mzee mmoja akaniambia ninyamaze, mgonjwa anahitaji utulivu.

Mzee Saleh nilimwambia mwenyewe siku ile ile, kabla Fundi Haji hajamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo sifa ile uliichukua kwangu kwa uongo," akasema. Hakunifukuza. Aliniondoa kwenye karatasi akanipeleka kubeba mawe, na nilibeba mwaka mzima na zaidi, na kuyabeba ndiko kulikonifundisha uzito ambao hesabu zangu zilikuwa zikiuandika tu.

Hospitali nilikwenda siku ya nne. Mguu wake ulikuwa umefungwa mbao. Nilimweleza Bi Mize kila kitu: makapu tisa, tundu la saba, uzi. Alikuwa ananisikiliza na macho yake yako juu ya dari.

"Nilikwambia haulii," akasema.

"Uliniambia."

"Wewe ukanijibu nini?"

"Nilikwambia umejengwa vizuri."

"Basi," akasema, akageuzia uso ukutani.

Sikusamehewa pale, na sitawadanganya kwamba nilisamehewa baadaye kwa maneno. Alirudi kwake na mkongojo, akautumia mpaka mwisho wa umri wake. Ukuta ulijengwa tena, na Fundi Haji akanilazimisha niukadirie mimi, mbele ya mafundi wote, kwa sauti, na kila kitu kilichobaki akanifanya nikilundike barabarani, mahali ambapo kila apitaye anakiona. Jiko jipya la Bi Mize nilimjengea kwa mikono yangu, upande wa pili wa kiwanja. Nilijenga nyuma yake kijikuta kifupi cha kuzuia udongo, na matundu sita. Nilipomwambia nimemaliza hakusema ahsante. Aliniambia nijaze ndoo tatu za maji nizimwage juu, kwenye udongo. Akaketi kwenye kigoda upande wa chini, mkongojo mapajani, akangoja. Tulingoja muda mrefu. Maji yalipotoka kwenye tundu la kwanza aliweka kidole, akakitazama. Akangoja mpaka yakatoka kwenye yote sita. Ndipo akainuka akaenda kuwasha moto.

Tangu siku hiyo sikukabidhi ukuta wa kuzuia udongo kabla ya kuumwagia maji juu na kukaa chini yake mwenyewe mpaka yatoke. Mafundi wapya waliniona mwendawazimu. Wamiliki walikasirika kwa maji yao. Nilikaa vivyo hivyo.

Siku hizi kuta hizo zinajengwa kwa matofali na saruji. Chokaa ya kuni ni wachache wanaoichoma. Matundu ni vipande vya bomba la plastiki, na mkadiriaji anayaandika kwenye karatasi yake mstari wake peke yake, pamoja na mawe na mchanga. Vifaa vikibaki hupakiwa kwenye gari, vikarudishwa ghalani, na hakuna anayeona haya.